Matairi ya meno kwa moto (pikipiki) ya 125: nimeyapima Miti na Lwiro, mvua ikinyesha

Mimi ni fundi wa umeme wa jua. Ninaishi Bukavu, lakini kazi yangu iko zaidi nje ya mji: kituo cha afya hapa, shule pale, nyumba ya paroko kule juu, na karibu zote ziko Kabare, mahali lami inapokuacha mapema na udongo mwekundu unakupokea. Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano ni mvua. Nyuma ya moto nafunga betri, nyaya na ngazi ya kukunja. Mwaka jana, nikiwa na matairi ya kawaida ya mjini, nilianguka mara tatu na mzigo. Mara ya tatu betri ilipasuka kona, asidi ikamwagika kwenye majani ya watu, na betri nikailipa mwenyewe dola 140.

Matairi mawili ya meno pamoja na chambre (mipira ya ndani) mpya yamenigharimu dola 57. Fanyeni hesabu wenyewe.

Niliyanunua mwezi huu wa kumi na moja. Sikutaka kuyajaribu na betri ya mteja, kwa hiyo niliwaomba watu watatu ninaowaamini tutoke nayo Jumamosi na Jumapili bila mzigo: Yaya (yaani kaka mkubwa), ambaye alifanya umotari, kubeba abiria kwa moto, miaka kumi na miwili kabla ya kufungua duka lake, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwenye moto kama yangu lakini yenye matairi laini ya mjini, na Dada mmoja mwagronomu (mtaalamu wa kilimo) ambaye kazi yake inampeleka milimani kila juma, naye anaendesha Yamaha AG 100. Njia ilikuwa Bukavu, Mudaka, Miti, kupanda mpaka Tshivanga, kurudi Miti, halafu Kavumu na kulala Lwiro, na Jumapili kurudi kwa vijia vya migombani. Kaunta yangu ilisoma kilomita 127. Mvua ilitukuta Jumamosi saa tatu asubuhi na haikutuachia mpaka Jumapili mchana.

Kwanza kuhusu kununua, maana watu wengi wanapotea hapo. Jina la kiwanda siliandiki kwa sababu halitakusaidia: Kadutu, hapa Bukavu, nimeona mchoro huohuo wa meno ukiuzwa kwa majina matatu. Soma ubavu wa tairi. La nyuma langu limeandikwa 3.00-17, la mbele 2.75-17. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu, na zikipishana na za moto yako hakuna maneno ya muuzaji yatakayozilinganisha. Herufi TT maana yake tairi linataka chambre ndani. Kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Halafu tafuta namba nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Langu linasema 2223, yaani juma la 22 la mwaka 2023. Duka la kwanza nililoingia walinipa tairi linalong'aa kama limepakwa mawese, bei nzuri, kumbe namba zake ni 1016. Mpira uliokaa miaka mingi katika joto na vumbi unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki jiwe lililolowa hata ukiwa na meno marefu kama kidole. Nililirudisha juu ya kaunta nikatoka.

Duka la pili lilikuwa la mama mmoja aliyeniuliza swali ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: "Papa, weye unaendeaka wapi na hii moto?" Nikamwambia Kabare. Akasema la nyuma ninunue, la mbele nifikirie. Sikumwelewa. Nilinunua yote mawili, dola 27 na dola 22, na chambre mbili kwa dola 4 kila moja.

Fundi alipaka unga wa talki ndani kabla ya kuingiza chambre ili isijikunje, akafuata mshale, akajaza upepo wa bari 2. Msikubali fundi anayetumia bisibisi ya nyumbani badala ya vyuma vya kufungulia tairi. Atakutobolea chambre mpya kabla hujatoka kwake.

Sasa barabarani. Tulikutana Place Major Vangu saa kumi na mbili asubuhi, tukapita Kazingu. Lami inakuja kwanza upende usipende, na kwenye lami tairi la meno ni tairi baya. Naliandika wazi kwa sababu naona vijana wanayafunga kwa uzuri wake. Linavuma. Usukani unatetemeka kidogo mpaka unafika mwendo wa 50 hivi, mikono inachoka. Hayo yanavumilika. Kisichovumilika ni breki. Kinachogusa lami si tairi zima bali vichwa vya meno tu, vipande vidogo vya mpira, na lami ikilowa vinapata pa kuteleza. Karibu na soko la Mudaka lori lilisimama mbele yetu, mvua ndiyo kwanza imeanza, nikakanyaga breki ya nyuma kama nilivyozoea na nyuma ikanihama kushoto. Sikuanguka. Shemeji, mwenye yale matairi laini niliyoyaacha, alisimama kando yangu ametulia.

Kaka zangu motari mnaobeba watu mjini, Nyawera, Essence na Feu Rouge, msifunge haya. Mama anayepanda nyuma yako na mtoto mgongoni ameyaweka maisha yake kwenye kile kipande cha mpira kinachogusa lami. Mpe kipande kikubwa.

Miti unakata kushoto. Hapo mambo yalibadilika kabisa, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Barabara ya kupanda Tshivanga ndiyo inayoendelea mpaka Bunyakiri kwa kuvuka mbuga ya Kahuzi-Biega, kwa hiyo malori yanaipita mwaka mzima, yamejaa mihogo, makala (mkaa) na watu juu yake. Magurudumu yao yamechimba mifereji miwili, mingine inanifika gotini, na katikati kuna mgongo wa udongo unaoteleza kama sabuni. Ni udongo mfinyanzi, mwekundu. Ukikauka ni tofali, ukilowa unashika kila kitu na haushikiki. Ukitumbukia mfereji wa lori unakaa humo mpaka mfereji uamue kukutoa.

Nilisimama juu ya vikanyagio, gia ya pili, nikafungua mafuta polepole. Tairi la nyuma likauma. Sina neno jingine. Nililisikia kupitia miguu: linateleza kidogo, jino linapata udongo mgumu chini ya uji, moto inasonga, linateleza, linapata, inasonga. Sababu unaiona ukishuka na kuliangalia. Meno yamepangwa kwa nafasi, kati ya jino na jino kidole gumba changu kinapita, hivyo gurudumu likizunguka kwa nguvu kidogo matope yanarushwa nje na jino linarudi safi. Tairi la Shemeji lilikuwa na mifereji myembamba ambayo ilijaa katika mita ishirini za kwanza, na tangu hapo akawa anaendesha mpira wa udongo. Alisukuma. Mimi na Yaya tulishuka mara nne kumsaidia, na ile mlima wa mwisho kabla ya miti ya kinkina (ile ambayo maganda yake yanatoa kwinini) tulimfunga kamba, moto yangu ikamvuta. Moto ya 125 iliivuta 125 nyingine yenye mtu juu yake, katika matope, kwenye mlima. Na lile tairi la zamani mimi peke yangu lisingenifikisha.

Upepo ndio siri yake. Kwa bari 2 niliyotoka nayo mjini, meno yalikuwa yanadonoa juu juu. Yaya alinisimamisha Miti, akaminya valvu na kuhesabu kwa kidole, halafu kipimo kikatuambia 1.3. Tairi likatandaza tumbo, meno mengi yakagusa kwa wakati mmoja. Tofauti niliisikia kabla sijamaliza mita hamsini.

Lakini kuna jambo ambalo yule mama wa Kadutu alijaribu kuniambia. Moto zetu za 125, hizi za motari, zimetengenezwa kwa ajili ya barabara. Kinga ya matope ya mbele imekaa chini, karibu kabisa na tairi. Tairi laini linapita chini yake bila shida. Tairi la meno linachota udongo na kuupeleka juu, kinga inaukwangua na kuuhifadhi, unaongezeka, unashindiliwa, na mwisho gurudumu la mbele linasimama. Halipungui mwendo: linasimama. Mara ya kwanza nilidhani breki imeganda. Niko kwenye mteremko mdogo, mvua inanipiga usoni, na gurudumu la mbele haligeuki hata nikisukuma. Tulichokonoa kwa kijiti cha mkaratusi. Mita mia mbili, limejaa tena. Tukachokonoa. Mara ya tatu Yaya akatoa ufunguo namba 10, akafungua skrubu nne, akaniwekea kinga ndani ya begi langu la mgongoni. Kuanzia hapo gurudumu lilizunguka huru na udongo wote ulikuja kwangu, kifuani, mdomoni, ndani ya kola ya koti la mvua. Niliendesha nimekaza midomo mpaka Tshivanga.

Kwa hiyo kama hutaki kuinua kinga yako, usinunue tairi la mbele la meno. Nunua la nyuma peke yake, mbele weka la mchanganyiko, lenye meno mafupi yaliyokaribiana. Yaya ndivyo alivyofunga na hakuchokonoa hata mara moja.

AG 100 ya Dada naitaja kwa sababu inaonyesha moto iliyofikiriwa kwa kazi hii ikoje. Herufi AG zimetoka kwenye kilimo. Yamaha waliitengeneza kwa ajili ya mashamba. Mnyororo wote umefunikwa, matope hayaugusi. Ina mguu wa kusimamia upande wa kushoto na wa kulia, kwa hiyo kwenye ubavu wa mlima unachagua upande. Injini ni ndogo, oili ya kuchanganya na mafuta ina tangi lake na pampu yake, huchanganyi mwenyewe. Dada alikuwa anafika juu, anaizima, anatungoja chini ya mti huku ameshika chupa yake ya chai.

Tshivanga tuko juu ya mita 2000, na baridi yake si ya kuchezea ukiwa umelowa. Mlima Kahuzi wenyewe, mita 3308, hatukuuona, ulikuwa umejifunika. Pale ndipo lilipo lango la mbuga, nyumba ya gorila wa Grauer, na sisi tuliishia hapo: na moto huingii msituni kutafuta vijia, wala haifai kutamani. Tukageuza.

Kosa langu kubwa lilikuja kwenye kushuka. Kwa vile 1.3 ilikuwa nzuri, nilitaka zaidi. Nikatoa upepo mpaka 0.8 bila kumwambia Yaya. Kwa dakika kumi nilikuwa nimebandikwa ardhini. Halafu, kabla ya Miti, nilifungua mafuta kwa nguvu kutoka kwenye shimo, tairi likashika na rimu ikazunguka ndani ya tairi. Tairi lilibaki na udongo, rimu ikaenda, na chambre ikavutwa katikati. Valvu ililala kama mche wa mhindi baada ya dhoruba. Tulipofika Kavumu ilianza kuvuja shingoni, mahali ambapo kiraka hakikai. Moto za mashindano zina kibano kinachoishika tairi kwenye rimu, zetu hazina. Bila hicho kibano, nyuma usishuke chini ya 1.2. Na beba chambre nzima, usibebe viraka peke yake. Mimi nilibeba viraka. Aliyeniokoa ni Dada, ambaye huwa na chambre ya inchi 17 hata kama si ya moto yake, kwa sababu, alivyosema, "mwenye kukwama siku zote iko mwingine."

Tuliibadilisha Lwiro usiku, chini ya paa la mabati kwa mjomba wa Dada, taa ya simu mdomoni, mvua ikipiga mpaka hatusikilizani. Meno marefu yana faida moja hapo: yanakupa mahali pa kushika unapolisukuma tairi lirudi kwenye rimu. Mjomba alikuwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti cha pale, CRSN, kile kilichoanza enzi za Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, na alitusimamia kama anasimamia kipimo cha maabara. Alinifundisha kufunga nati ya valvu mwisho juu, isigusane na rimu, ili tairi likihama tena nione valvu imeinama kabla haijachanika. Hilo nimelifanya na litabaki hivyo. Kisha bugali, sombe (majani ya mihogo) na sambaza (samaki wadogo), na nguo zetu zikaning'inizwa jikoni juu ya moshi.

Jumapili tuliondoka baada ya misa ya kwanza. Vijia vya migombani ni vyembamba, majani yaliyooza juu ya udongo, mizizi, na mawe yaliyojificha. Hapa lile tairi la mbele, baada ya kunitesa Jumamosi, lilijilipa. Kwenye kushuka, gia ya kwanza, klachi imeachiwa, injini ndiyo inazuia, mbele haikunipotea hata mara moja. Ninapoielekeza ndipo inapokwenda. Mwaka jana katika vijia kama hivi nilikuwa natembea na moto kama mtu anayeongoza ng'ombe mkaidi. Safari hii nilishuka nimekaa. Mama mmoja mwenye gunia la makala, kamba kwenye paji la uso, alitupisha kwenye kona kali, akatusalimu "Asinge," akaangalia meno ya tairi langu, halafu miguu yake mwenyewe iliyokuwa pekupeku. Nilizima injini tukamwacha apande kwanza.

Tulivuka kijito kimoja, maji mpaka kwenye kitovu cha gurudumu. Breki zetu ni za ngoma, na maji yakiingia ndani zinakuwa kama hazipo. Ukitoka mtoni, kanyaga breki kidogo kidogo huku unaenda mpaka zipate joto na kukauka. Usingoje mteremko ukufundishe. Buji (plagi) yangu nilikuwa nimeifunika kwa kipande cha chambre kuukuu, haikuzimika. Ya Shemeji ilizimika, tukaifuta kwa shati la Yaya.

Nilipofika nyumbani niliosha na kupima jino la katikati la nyuma kwa rula ya mwanangu. Jipya lilikuwa milimita 9. Sasa ni 8 kamili, na naamini lami ndiyo iliyokula, kwa sababu kingo za pembeni, ambazo lami haizigusi, bado zina vinywele vyake vya kiwandani. Ukilazimika kwenda na kurudi mjini kila siku, tairi hili halitamaliza msimu wa mvua. Kwangu litamaliza, maana siku za kazi ya mjini natumia miguu.

Ningenunua tena? La nyuma, ndiyo, hata kwa dola 40. La mbele nimelibakiza, lakini Jumatatu asubuhi nilimpelekea fundi wangu ile kinga iliyolala siku mbili ndani ya begi. Alikata vibati viwili, akaiinua vidole vinne juu ya tairi, akanidai franga elfu kumi. Sasa mkono wangu unapita kati yake na meno bila kugusa.

Kesho ni Jumatano, nina betri mbili za kupeleka kituo cha afya juu ya Murhesa, na tangu mchana huu mvua inanyesha upande ule. Upepo nimeweka 1.6 nyuma kwa sababu ya mzigo, 1.4 mbele. Chambre mbili ziko chini ya kiti, na moja ni ya kumrudishia Dada.